Choo cha Lempi

Mwaka ule wa tisini na nne, Jumanne moja ya mwezi wa nane, Lempi Salmela aliteleza kwenye ngazi za nyumba yake akiwa amebeba kapu la nguo, akavunjika nyonga. Alikuwa na miaka sabini na moja. Ngazi zenyewe ni kumi na nne, zimesimama wima kama zimegombana na sakafu, na Lempi alikuwa amezipanda na kuzishuka kwa miaka arobaini na miwili, awe na mafua, awe na mimba, kwa sababu choo cha nyumba ile kilikuwa kimoja tu nacho kilikuwa juu.

Mgeni akisikia hivyo atasema, maskini, hawakuwa na uwezo. Sisi wenyeji, wana wa Wafini waliohamia huku kuchimba shaba, hatusemi hivyo. Mume wa Lempi, Arvid, alikuwa fundi bomba, tena fundi wa kutajwa. Shule yetu, hospitali yetu, makanisa yote mawili ya Kilutheri ya Wafini, ambayo mpaka leo hayasalimiani, na hata ile nyumba ya wazee iliyoko kilimani: kote huko ukivuta maji chooni, yanashuka kwenye bomba lililofungwa kwa mkono wa Arvid Salmela. Aliifanya kazi hiyo miaka arobaini na mmoja mpaka akastaafu. Kwake mwenyewe hakuongeza hata bomba moja.

Lempi alimwomba choo cha chini mara moja tu, mwaka wa sitini na moja, alipokuwa na mimba ya binti yao Denise. Arvid akamjibu, "Kiangazi kijacho." Sasa, watu wetu wana ugonjwa huu: jambo likishasemwa limesemwa, na anayelirudia anaonekana mlalamishi. Lempi hakulirudia. Kiangazi kijacho kikaja na vyoo vya watu wengine, na kilichofuata vilevile. Kuoga hakukuwa na shida, maana sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke, iko uani na kila Jumamosi inawashwa moto, mtu anatoka humo mwekundu na safi. Kwa hiyo Arvid alijiambia kwamba mke wake ameridhika. Ilikuwa rahisi kujiambia hivyo, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akijiambia.

Daktari alipomwambia kuwa Lempi hatapanda ngazi tena maishani, Arvid alisimama kando ya kitanda cha hospitali, kofia mkononi, masikio yamemwiva kwa aibu.

"Nitakujengea choo chini," alisema. "Pale stoo, ubavuni mwa jiko. Kabla theluji haijaanguka utakuwa umerudi."

"Sawa," alisema Lempi.

"Kweli kabisa."

"Nimesikia, Arvid. Nimesema sawa."

Ndivyo Lempi alivyopelekwa nyumba ya wazee, kwa muda, na Arvid akarudi nyumbani kuchora.

Na alichora. Alisafisha meza ya jikoni, akatandaza karatasi kubwa, akachonga penseli tatu. Unajua, deni la miaka thelathini na mitatu halilipwi na choo cha hivi hivi. Alitaka kiwe choo ambacho mwanamke angekaa na kusema, basi, kungoja kwangu hakukuwa bure. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake, na ninalisema mapema ili mtu asimwone Arvid kuwa ni mtu mbaya. Alimpenda mkewe. Alimpenda kwa rula na penseli.

Stoo ile ilikuwa ndogo, futi sita kwa nane, na chini yake kuna chumba cha chini ya ardhi kilichojengwa kwa mawe na wachimba shaba wa zamani. Bomba la maji taka lingetoka chooni, liningʼinizwe chini ya sakafu, litembee futi kumi na sita mpaka kwenye bomba kuu la nyumba. Katika safari hiyo lazima lishuke robo inchi kwa kila futi. Likishuka chini ya hapo, uchafu unalala njiani. Likiporomoka sana, maji yanakimbia na kuuacha uchafu nyuma. Hilo halikumpa shida Arvid, angeweza kulipima kwa jicho moja. Shida ilikuwa hewa.

Binti yake Denise, aliyekuwa akiishi mwendo wa saa tatu kwenda kusini, alikuja mwisho wa wiki akamkuta mezani.

"Baba, mbona kuna bomba linapanda mpaka juu ya paa? Choo si kiko chini?"

"Hilo ni bomba la hewa. Choo kikimeza maji kwa kishindo kinavuta hewa nyuma yake. Isipopata njia ya juu, itavutwa kupitia kwenye sinki. Unajua chini ya sinki pana ile kona ya bomba inayobaki na maji?"

"Sijui, ila utaniambia."

"Yale maji ndiyo mlango. Yanazuia harufu ya taka isipande ndani. Choo kisichopumua kinayanyonya yale maji, kona inabaki kavu, na harufu yote ya mji inahamia jikoni kwako."

"Haya, nimeelewa. Lakini jirani yangu ameongeza choo chake mwaka jana, na hakutoboa paa. Fundi alimwekea kilango kidogo cha plastiki chini ya sinki, kinafunguka na kuingiza hewa, basi. Wiki moja wamemaliza."

Arvid aliweka penseli chini taratibu, utadhani ameambiwa kwamba binti yake ameiba.

"Kilango," alisema.

"Kilango, baba. Kinafanya kazi."

"Mpaka siku kikikwama. Nimeng'oa vilango vya aina hiyo kwa watu, Denise. Mama yako hatawekewa kitu cha plastiki chenye springi."

Denise alimtazama mamaye kwenye picha ya ukutani, akamtazama na babaye, akanyanyua vikombe vya kahawa akaenda kuviosha. Naye ni Mfini. Alikuwa ameshasema mara moja.

Mchoro wa kwanza uliweka choo kwenye ukuta wa nje. Arvid aliuchana mwenyewe, maana kwa baridi yetu bomba lililo kwenye ukuta wa nje linaganda kufikia Krismasi. Mchoro wa pili uliweka kila kitu kwenye ukuta wa ndani. Huo aliupeleka kwa Leroy Beaudry, mkaguzi wa majengo wa wilaya, Mfaransa mnene mwenye utani, ambaye kwa miaka ishirini na mitano alikuwa akikagua kazi za Arvid bila kupata la kuandika.

"Hii nipe nigonge muhuri leo hii," alisema Leroy. "Mbona unanitazama hivyo? Mimi nakubali, wewe unakunja uso."

"Bomba la hewa linatokeza chini sana kwenye paa."

"Linatokeza panaporuhusiwa."

"Paa langu ni la bati. Theluji ikiporomoka mwezi wa pili italikata kama bua. Lazima litokee karibu na kilele."

"Ninyi Wafini," alisema Leroy, akirudisha muhuri mezani. "Mtu anapewa ruhusa anaikataa. Haya, nenda kachore."

Mchoro wa tatu ulilipeleka bomba la hewa karibu na kilele cha paa, lakini ukalipitisha katikati ya kabati ya kushonea ya Lempi kule juu, na Arvid hakutaka kumharibia kabati. Mchoro wa nne uliikwepa kabati. Arvid alipoupima akakuta kwamba kutoka chooni mpaka kwenye bomba la hewa ni futi sita na inchi mbili. Sheria inasema zisizidi sita. Inchi mbili! Leroy mwenyewe asingeziona, na hata angeziona angekohoa tu na kutazama pembeni. Lakini Arvid alikuwa ameziona. Akachukua karatasi nyingine, na nje majani ya miti yalikuwa yameshageuka rangi na kuanza kudondoka.

Kila mchoro aliupeleka kilimani. Aliutandaza juu ya blanketi la Lempi na kumwonyesha kwa kidole: choo hapa, beseni la kunawia hapa, bafu hapa, hewa inapita hivi. Lempi alivaa miwani, akatazama, akasema, "Nzuri." Kisha akauliza, "Lini?" Na Arvid akajibu, "Karibu."

Wakati huo Lempi alikuwa akitembea. Hilo ndilo ambalo Arvid alikuja kulikumbuka mpaka likamkosesha hamu ya chakula. Mwezi wa tisa Lempi alikuwa akitembea na fremu yake ya chuma kutoka chumbani mpaka ukumbi wa kulia na kurudi, mara sita kwa siku, akihesabu kwa sauti kwa Kifini. Nesi wa zamu, mama mmoja mchangamfu aitwaye Bernice, alimkamata Arvid kwenye korido.

"Mzee Salmela, huyu mkeo anakaa hapa kwa nini? Mimi naona mzima huyu."

"Hakuna choo chini. Ninajenga."

"Unajenga, vizuri. Lakini tunavyo viti vyenye ndoo, mtu anakiweka kimoja kando ya kitanda. Ningekuazima kimoja leo, ukamlaza sebuleni, ukaendelea na ujenzi wako taratibu. Watu wengi wanafanya hivyo."

Arvid alimshukuru, akaingia chumbani na mchoro wake wa tano. Lempi alikuwa ameyasikia yote, mlango ulikuwa wazi. Hakuvaa miwani. Aliuweka mkono wake juu ya karatasi, akaufunika ule mchoro wote.

"Arvid," alisema. "Hata ndoo ingenitosha."

Arvid alicheka. Si kwa dharau. Alicheka kama mtu aliyechomwa sindano mahali asipotarajia.

"Mke wa Arvid Salmela atumie ndoo? Mji mzima utanisema."

"Mji uko wapi? Mimi siuoni humu."

"Wiki tatu tu, Lempi. Ngoja upate kitu cha haki."

Lempi aliuondoa mkono kwenye karatasi na kugeukia dirishani. "Basi," alisema. Hakulisema tena, wala Arvid hakumuuliza tena. Alikunja mchoro wake akashuka kilimani akiwaza zile inchi mbili, maana hata mchoro wa tano haukuwa umezimaliza.

Alianza kazi mwisho wa mwezi wa kumi, akiwa na mchoro wa saba, uliozimaliza zile inchi mbili. Na niseme ukweli, kazi ilikuwa nzuri. Wazee wenzake walioshuka kule chini kuchungulia walivua kofia. Kila futi nne bomba limeshikwa na kibanio, kila kiungio kimefutwa gundi iliyozidi, pima maji ukiiweka popote kiputo kinasimama palepale. Kisha akagundua kwamba nyumba yenyewe, kwa uzee wake, imelala upande mmoja kwa nusu inchi, na kwamba mahali pamoja mteremko umepungua kwa kiasi ambacho mimi nisingekiona hata kwa darubini. Akalishusha bomba lote, akaanza upya. Hilo lilikula siku tisa.

Theluji ya kwanza ilianguka katikati ya siku hizo tisa, na haikuwa ya kuonja tu. Ilianguka siku tatu mfululizo, ikageuka barafu, ikaanguka tena. Paa la bati likawa kioo. Mzee wa miaka sabini na miwili hapandi kwenye paa la namna hiyo akakata tundu karibu na kilele, na hakuna kijana mwenye akili atakayempandia.

Leroy Beaudry alikuja akiwa na viatu vya theluji, akashuka chini, akaangalia bomba lote kwa tochi bila kusema neno. Kwa Leroy hiyo ilikuwa ajabu.

"Umebakisha nini?" aliuliza mwishowe.

"Kupanda. Kutoka stoo mpaka juu ya paa."

"Masika, basi, theluji ikiyeyuka."

"Masika."

"Sikiliza, Arvid. Weka kilango. Weka kile cha plastiki chini ya sinki, mlete Lempi nyumbani kesho kutwa. Masika ukilitoa bomba lako paani, kitupe. Mimi nilikuja, nikaona giza, sikuona kitu."

"Leroy, kwa miaka yote hii umewahi kunisikia nikikuomba ufumbe macho?"

"Hujaniomba. Najitolea."

"Sitaki kazi ya kufumbiwa macho nyumbani mwangu."

Leroy alizima tochi. "Nyumba ni yako," alisema. "Na mke ni wako. Lakini mtu akikuuliza nani alikuzuia, usilitaje jina langu."

Alipanda ngazi akiugulia magoti, na Arvid akabaki amesimama chini ya bomba lake. Alikasirika siku nzima. Alijiambia kwamba Leroy ni mzembe na siku zote alikuwa mzembe, jambo ambalo halikuwa kweli, na alilijua hivyo hata alipokuwa akijiambia.

Arvid alimpigia Denise simu, akamweleza.

"Ngoja nielewe," alisema. "Mama anakaa kule majira yote ya baridi kwa sababu ya bomba?"

"Kwa sababu ya kazi nzuri."

"Hiyo kazi nzuri ni ya nani, baba? Ya mama au yako?"

"Usinipigie kelele."

"Sijapiga kelele. Nimeuliza."

Na kweli hakuwa amepiga kelele. Arvid alishikilia simu mpaka ikaanza kulia ile milio ya kukatika.

Majira yetu ya baridi ni marefu, na yale yalikuwa marefu kuliko kawaida. Arvid alipanda kilimani kila gari la kusafisha barabara lilipomfungulia njia, mara nne kwa wiki, mara tatu, wiki nyingine mara moja. Hakuwa na mchoro wa kupeleka tena, na bila mchoro hakujua la kusema. Walikaa pamoja wakitazama theluji. Lempi alikuwa bado anatembea, ila sasa mara tatu kwa siku, na hakuhesabu kwa sauti.

Mwezi wa kwanza homa iliingia nyumba ya wazee. Milango ilifungwa kwa wageni siku kumi na sita. Lempi alishikwa kifuani, akalala, na watu wawili wa vyumba vya jirani wakazikwa kabla hajainuka. Milango ilipofunguliwa Arvid alimkuta kwenye kiti cha magurudumu, shali magotini, mikono imekonda. Fremu yake ya chuma ilikuwa imekunjwa nyuma ya mlango.

"Miguu imesusa," Lempi alimwambia.

"Itarudi. Masika hii utakuwa nyumbani."

Lempi hakuuliza lini.

Mwezi wa tano barafu ilitoka paani. Arvid alipanda na fundi mmoja wa kukodi, wakakata tundu, na bomba la hewa likatokeza mahali palepale alipopachora, nene inchi tatu ili hata baridi ya mwezi wa kwanza isilizibe kwa barafu. Leroy akaja kukagua. Walijaza mabomba maji mpaka juu, wakangoja robo saa, halikuvuja tone. Wakavuta choo huku wakitazama sinki. Yale maji ya kwenye kona hata hayakutikisika.

"Nimekagua vyoo vingi mno wilaya hii," alisema Leroy, akiandika. "Hiki ndicho bora." Aliyasema hayo bila utani wowote, akampa karatasi, akaondoka. Arvid aliniambia mwenyewe kwamba kwa muda wa dakika ishirini hivi, akiwa amekaa juu ya kifuniko cha choo na karatasi mkononi, alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote duniani. Kisha akaoga, akavaa shati la kanisani, akaenda kumchukua mkewe.

Bernice alimkaribisha ofisini na kufunga mlango.

"Mzee wangu, una miaka mingapi sasa?"

"Sabini na mitatu mwezi ujao."

"Lempi siku hizi anainuliwa na watu wawili, tena wenye nguvu. Asubuhi, mchana na usiku. Nyumbani utakuwa na nani?"

Arvid alitazama mikono yake. Ilikuwa imefunga nusu ya mabomba ya wilaya. "Nina choo," alisema, na mara hiyohiyo akasikia jinsi lilivyotoka.

Walikubaliana kwamba Lempi ataenda nyumbani Jumapili, kuzuru tu, kuanzia saa nne mpaka saa kumi. Denise alikuja kutoka kusini tangu Jumamosi, akaoka mkate wa iliki. Gari la nyumba ya wazee lilimshusha Lempi kwa lifti yake ya nyuma, akiwa amevaa koti lake la bluu, na Arvid akamsukuma moja kwa moja mpaka stoo. Alimwonyesha. Alifungua bomba la sinki, akavuta choo, akamwambia asikilize. Akavuta tena. Akamweleza kwa nini haisikiki ile sauti ya kugugumia ambayo vyoo vya watu wengine vinatoa. Akavuta mara ya tatu.

"Nzuri," alisema Lempi. "Sasa nipeleke jikoni."

Kule jikoni alibadilika. Alipapasa kitambaa cha meza kwa viganja vyote viwili. Aliomba kahawa, na kwenye kikombe chake, si hicho cha wageni. Aliuma mkate, akamwambia Denise, "Umezidisha iliki," na Denise akacheka mpaka akafuta macho. Alitaka dirisha lifunguliwe. Alitaka kujua kama jirani yao Hilja bado anaanika mashuka yaliyotoboka bila haya. Kwa saa mbili na nusu aliongea kuliko alivyoongea majira yote ya baridi, na Arvid alikaa pembeni akimsikiliza na kuanza kuelewa, polepole na kwa maumivu, kwamba alichokitamani mwanamke huyu tangu mwezi wa nane ni kiti hiki na meza hii.

Ndipo Lempi alipomgusa Denise mkono na kumnong'oneza.

Walimsukuma upesi mpaka chooni. Denise alimshika kwapa la kulia, Arvid la kushoto, wakahesabu moja, mbili, tatu. Alinyanyuka kidogo, miguu ikakunjika, akarudi chini. Wakajaribu tena. Mgongo wa Arvid ulialika, akalegeza, Denise akabaki na uzito wote, na karibu wote watatu waanguke. "Ngojeni," Lempi alikuwa akisema, "ngojeni, ngojeni kwanza." Mara ya tatu hawakufika hata nusu, na ikawa imechelewa. Lempi alilowa palepale kwenye kiti chake, hatua moja kutoka kwenye choo bora cha wilaya nzima.

Denise alikimbilia taulo. Arvid alipiga magoti kwenye vigae alivyovipanga kwa mkono wake, akaanza kufuta soksi za mkewe, machozi yakimtoka wazi, mtu ambaye hakulia hata alipomzika mama yake.

"Acha, Arvid," alisema Lempi taratibu. "Nirudisheni kule. Wao wanajua kufanya."

"Hapa ni kwako."

"Palikuwa. Mwezi wa tisa palikuwa kwangu kabisa."

Walimrudisha saa nane badala ya saa kumi. Wasaidizi wawili wasichana walimnyanyua, wakambadilisha na kumkalisha safi kando ya dirisha, yote kwa dakika sita, huku wakimtania kuhusu koti lake. Denise alitoka kwenda kuzungumza na Bernice. Arvid alivuta kiti, akakaa mbele ya mkewe.

Alikuwa hajui kusema. Kwao hawakufundishwa. Lakini alisema.

"Lempi, nilikosea. Bernice alinipa ile ndoo, nawe ukaniomba, nami nikacheka. Ningekuchukua siku ileile. Ningekuchukua kwa mgongo. Nimekula miezi yako yote ya kutembea nikipima bomba. Nisamehe."

Lempi alimnyoosha ukosi wa shati. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomkata Arvid zaidi.

"Nimeshakusamehe," alisema. "Tangu kwenye Krismasi hivi. Ilinichukua muda kidogo."

"Ningepewa mwezi wa tisa mwingine…"

"Ungechora tena."

"La."

"Ungechora, Arvid. Ungeanza na penseli tatu. Nimeolewa na wewe, nakujua. Usinidanganye mimi, wala usijidanganye wewe."

Alitaka kukataa kwa nguvu. Alijitafuta moyoni akimtafuta yule Arvid mwingine, ambaye angebeba kiti chenye ndoo kupita mbele ya madirisha ya mji mzima bila kujali, na hakumpata. Alikuwa bado akimtafuta wakati msichana alipoingia na sinia la chakula: pande la nyama ya kuoka, viazi, rojo lenye mvuke. Vidole vya Lempi havikuwa tena na nguvu ya kisu. Arvid akalisogeza sinia karibu, akashika kisu na uma, akaanza kumkatia. Alikata pande lile vipande virefu kwanza, vyenye upana mmoja. Kisha akavigeuza na kuvikata kwa upande, kimoja kimoja, vyote viwe vya kumtosha mdomo, kingo zake zimenyooka. Kimoja kilitoka kinene. Akakirudia.

"Arvid," alisema Lempi. "Kinapoa."